Mchoro wa nyambizi ya Paskali

Leo nimeogopa karatasi niliyoichora mwenyewe.

Rafiki yangu Paskali anafanyiwa upasuaji wa pafu kesho. Anapenda sana nyambizi, zile meli zinazotembea chini ya maji, ingawa bahari hajawahi kuiona. Nikamwahidi kumtengenezea ndogo ya kuweka sebuleni, kwa bomba la plastiki na mabati chakavu.

Asubuhi nikampelekea mchoro kwao Endagikot. Nilikuwa nimeilaza nyambizi chini kabisa ya bahari, juu ya mchanga. Nilidhani itapendeza.

Mama yake akaja kuchungulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Humo ndani kuna watu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa wanapumuaje?"

Paskali akakohoa, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ipandishe, bwana," akasema. "Nataka iwe inatoka majini."

Nikageuza karatasi, nikachora upya palepale.

Mchana gari likamchukua kwenda hospitali. Mimi nimebaki nakata bomba, na simu ikilia naogopa kuipokea.

Mliowahi kumsubiri mtu atoke chumba cha upasuaji, mlijituliza vipi?