Paa la Mishi kule Satellite

Mishi Taib aliuza vitambaa katikati ya jiji, Biashara Street. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Mombasa aliyeletwa Nairobi na ndoa, na mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya mawe huko Satellite yenye mabati yaliyoliwa na kutu. Miaka nenda miaka rudi aliishi na ndoo. Mvua ikianza tu, mikono yake ilijua yenyewe ndoo ipi iwekwe wapi.

Kilichomfanya aamue ni dada yake, Mahira. Mwaka wa 2006 Mahira alipanda kutoka Pwani kuja kutibiwa magoti, na mvua ya kwanza ikamdondokea kitandani. Hakulalamika. Alijisogeza ukutani, akafunika mto wake kwa mfuko wa plastiki, akalala. Asubuhi Mishi alipomkuta hivyo, alishikwa na aibu hata chai haikupita.

"Vuli haitakukuta hivi, dada," alisema.

Alichagua kuezeka vigae, vile vya bati vilivyopakwa changarawe juu, ambavyo watu walikuwa wameanza kuvipenda. Mafundi wawili walikuja, wakalitazama paa wakiwa barabarani, wakasema kazi ni rahisi. Wa tatu, Waithaka, mtu wa Kangemi asiyekuwa na maneno mengi, aliomba ngazi, akaingia darini, akatoka na utando wa buibui kichwani.

"Mama, kuna mbao zimeoza huko ndani," alisema. "Hata ukiweka vigae mpya, zitabonyea tu."

"Nipeleke kwenye nyumba uliyoiezeka zamani," Mishi akamwambia. "Sitaki mpya. Nataka iliyonyeshewa."

Waithaka akampeleka Mountain View, kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Virginia. Mishi hakuzunguka. Aliuliza kama paa linavuja.

Virginia alimtupia Waithaka jicho kwanza. "Ilivuja mwaka wa kwanza, hapo kando ya bomba ya moshi," alisema. "Nikampigia simu, akakuja Jumamosi hiyo hiyo akairudia. Tangu hapo sijaona hata tone."

Waithaka aliinamisha macho, akidhani kazi imeshamponyoka. Kumbe ndipo Mishi alipomchagua. Fundi asiyekosea hakuwa amekutana naye maishani, lakini fundi anayeitwa akaja, huyo alimtaka. Walikubaliana jambo moja: kitu chochote kitakachofunikwa, Mishi akione kwanza. Aone mbao mpya kabla ya karatasi ya lami inayotandazwa juu yake kuzuia maji, na aione karatasi kabla ya vigae.

Kazi ilianza vizuri. Mbao mbovu zilitolewa, nzima zikaingia, naye akaziona. Kisha baba yake Waithaka akafariki huko Nyeri, ikabidi aende kuzika, akamwachia kazi ndugu yake wa upande wa mama, Kuria.

Kuria alikuwa na mkono mwepesi, na mawingu yalimtia wasiwasi. Siku moja Mishi alifunga duka mapema, akafika nyumbani na kukuta nusu ya upande wa nyuma imeshafunikwa vigae.

"Karatasi sikuiona," alisema.

"Iko hapo chini, mama. Hiyo ni kazi safi, usijali."

"Tulikubaliana niione."

"Sasa nitoe vigae zote juu ya karatasi?"

Mishi alivua viatu, akalikaza buibui lake kiunoni, akapanda ngazi. Majirani walisimama langoni kumtazama. Mahira, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliacha kuhesabu tasbihi. Mishi akafika juu. Pale vigae vilipokomea aliona kila kitu: kipande cha juu cha karatasi kilikuwa kimechomekwa chini ya kile cha chini yake. Maji yoyote ambayo yangepenya kwenye vigae hayangeteleza nje. Yangeingia moja kwa moja nyumbani.

Aliiinua karatasi kwa kidole, akamwonyesha Kuria.

"Vigae itazuia," Kuria alinong'ona, akiangalia pembeni.

"Basi simamisha kazi mpaka ndugu yako arudi."

Kuria aliteremka, akachukua nyundo yake, akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Paa lilikaa wazi chini ya turubai, na mawingu yalizidi kujaa upande wa Ngong. Mishi alishika simu mara kadhaa akairudisha mezani; hakuweza kumsumbua mtu aliye msibani. Alianza kujiuliza kama si ukaidi tu unaomsumbua.

"Tulia," Mahira akamwambia. "Nimeshalala chini ya maji mimi. Turubai halitaniua."

Waithaka aliporudi alipanda juu kabla hata ya kuketi. Alifunua turubai, akaikagua karatasi, kisha akamwita Kuria, aliyekuja naye.

"Tunatoa hii upande yote," alisema.

"Yote? Si tutapoteza siku mingi?"

"Wacha zipotee. Hata ile nyumba ya Mountain View niliharakisha hivi hivi." Akashuka, akamgeukia Mishi. "Pole, mama. Ungenipigia tu."

"Ulikuwa unamzika baba yako," Mishi alisema.

Waithaka alitikisa kichwa polepole, akajifuta uso kwa kofia yake, akapanda tena.

Waling'oa msumari mmoja mmoja, na vigae vilivyopinda vikawekwa kando. Siku ya kwanza Kuria hakumsemesha Mishi. Ya pili akamwita mwenyewe: "Mama, karatasi iko tayari. Kuja uone." Mishi akapanda, na safari hii Kuria ndiye aliyemshikia ngazi.

Mvua za Novemba mwaka huo zilishuka kwa hasira. Alasiri moja Biashara Street ilijaa maji hadi kwenye vizingiti, na wenye maduka wakawa wanapiga simu makwao kuulizia. Mishi naye akapiga.

"Kwema huko, dada?"

"Kwema. Juu ni kishindo tu, chini kukavu," Mahira alijibu. "Ila kuna mgeni. Yule Kuria amekuja na mvua yote hii. Amesimama katikati ya sebule, nguo zimemganda mwilini, anaikodolea macho dari."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anatabasamu tu."

Mishi alicheka, akaivuta stuli akaketi. "Mpe taulo," alisema, "halafu umpashie moto yale mahamri."