Samaki wa Ndimu

Kila ninapokamulia ndimu kwenye kitunguu kibichi, pua yangu hunirudisha kwenye yadi ya boti kando ya Mto Potomac, Marekani, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama akamfuata majira ya baridi. Niliacha shule nikaajiriwa kukwangua rangi kuukuu za boti, ili nibaki na wadogo zangu, Ombati na Kemunto, katika fleti yetu ya Silver Spring.

Mafundi wa pale walitoka Meksiko, kwenye bandari moja ya wavuvi waliyoisimulia kana kwamba iko ng'ambo ya barabara. Tulikwangua tangu asubuhi, boti zikiwa zimeegemezwa kwenye magogo, vumbi la buluu likitujaa kwenye nyusi. Kila Ijumaa Don Beto, mkubwa wao, alikatakata samaki, akamwagia maji ya ndimu, kitunguu kibichi na pilipili, akamwacha kwenye barafu mpaka awe mweupe. Kwao walikula hivyo boti zikirudi kutoka baharini.

Ijumaa moja alinifungia bakuli zima. "Wapelekee watoto, binti."

Nilishukuru sana, maana jioni hiyo Anti Nyaboke, mdogo wake mama, alikuwa anakuja kutoka Columbia, mji usio mbali na wetu. Alikuwa ameniambia kwenye simu, "Nikikuta hamli vizuri, Kemunto naenda naye." Kemunto alikuwa na miaka sita. Mimi na Ombati hatukumwambia kitu kuhusu simu hiyo.

Sasa, sisi ni watu wa Kisii, na mama alitufundisha kwamba chakula kisichopita motoni hakiwekwi mbele ya mgeni. Nikamimina bakuli lote kwenye sufuria, nikaongeza nyanya, nikachemsha weee. Nikasonga na ugali.

Anti alionja, jicho moja likajifumba lenyewe.

"Moraa," Ombati akaniuliza, "hii samaki ilikufa ikiwa na hasira?"

"Kula, wewe!"

Kemunto, ambaye hata harufu ya samaki ilimkimbiza mezani, alimaliza sahani yake akaisogeza mbele. "Niongezee. Ni tamu." Machozi ya ule uchachu yalikuwa yanamtiririka. Akala tena, akimtazama Anti.

Anti naye alimtazama kwa muda. Kisha akanawa mikono, akachukua koti lake. "Haya. Mwezi ujao nitawaletea nyama," akasema, akaondoka peke yake.

Jumatatu nilimsimulia Don Beto, akacheka mpaka akakaa chini. "Masikini samaki! Ndimu ilikuwa imeshampika. Wewe umemuua mara ya pili!"

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha upishi, nikiamini kwamba Anti aliridhika na sufuria iliyojaa. Kemunto alipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia kwamba siku ya ile simu alikuwa nyuma ya mlango, akanisikia nikimweleza Ombati. "Hata ungenipikia sabuni," akasema, "ningemaliza."

Nadhani Anti alilijua hilo kabla yangu, palepale mezani, tonge likiwa bado mkononi.