Bunduki Niliyokataa Kuipanua

Nilianza kazi ya bunduki nikiwa sijawahi kushika bunduki. Nilikuwa mkerezaji wa vyuma, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha, na karakana iliyoniita pale Chumbageni ilikuwa na kibali cha serikali cha kutengeneza silaha za raia. Fundi Mkuu alikitazama cheti, akanitazama mimi, kisha akakirudia cheti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Baba yako anajua umekuja kufanya kazi gani?”

“Anajua.”

“Amesemaje?”

“Amesema nisirudi na kidole pungufu.”

Hakucheka. Alinimwagia mezani maganda matupu ya risasi ndogo, membamba kama penseli, akaniambia niyatenganishe. Nikaweka mafupi huku, marefu kule, nikajisifu moyoni. Akaokota ganda moja fupi lililopasuka ubavuni.

“Hili limepasuka kwa nini?”

“Sijui, mzee.”

“Ni risasi ya kawaida ya kipimo cha ishirini na mbili. Mwenyewe aliipiga kwenye bunduki ya magnamu. Tundu lilikuwa pana kuliko ganda, moto ukamrudia usoni. Alikuwa ameambiwa zinafanana. Ukitaka kukaa hapa, neno hilo ulisahau.”

Niwaeleze mnaosoma ambao hamjui mambo haya. Magnamu ni risasi iliyoongezwa urefu na baruti kuliko ile ya kawaida. Magnamu ya kipimo kidogo haina teke la kuumiza bega, na mlio wake ni mkali lakini mfupi. Mpigaji mtulivu anaweza kuipeleka anapotaka hadi mita mia moja. Wenye mashamba ya Muheza waliipenda kwa ajili ya ngedere. Wengine waliipenda kwa raha tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Raskazone alikuwa na bastola yenye silinda mbili za kubadilishana, yaani yale magurudumu yanayobeba risasi, moja ya risasi za kawaida na nyingine ya magnamu. Kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha kutoboa karatasi, na kila Jumatatu alituletea bastola ile tukague kama silinda inakaa sawasawa na mtutu. Hakuwahi kuua hata kunguru. Aliniambia kwamba dakika ile anapobana pumzi ndiyo pekee katika wiki nzima ambayo hawazi kitu kingine.

Nilifanya kazi chini ya Fundi Mkuu miaka mingi. Alinifundisha kupima chemba, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na kutia alama kila kipimo mara mbili. Magoti yalipomshinda akarudi kwao Pangani, na karakana ikapata Meneja, mtu wa biashara, mpole wa maneno na mwepesi wa kuahidi.

Mwaka wa pili wa Meneja akaja Mzee Mhina, mkulima wa mahindi aliyekuwa na shamba Pongwe na nyumba Raskazone. Alileta bunduki ya ishirini na mbili ya kawaida, ya marehemu baba yake. Alitaka chemba ipanuliwe ipokee magnamu. Ngedere walikuwa wanammaliza, na bunduki ya baba yake hakutaka kuibadilisha kwa nyingine. Meneja akamwambia ni kazi ya siku tatu.

Niliipima, nikaenda ofisini.

“Bwana Meneja, kazi hii siifanyi. Mtutu wenyewe ni mwembamba kwa risasi ya magnamu. Na bolti, hili komeo linaloziba chemba, limechakaa. Linacheza hata kwa risasi yake ya kawaida.”

“Wewe ni mkerezaji, Mwanahamisi. Uliajiriwa kukereza.”

“Ndiyo. Na ninakwambia chuma hiki hakitastahimili.”

“Basi nitampa mwingine.”

Akampa mwingine. Siku ya tatu niliona bunduki imefungwa kwenye turubai, tayari kuchukuliwa, na leseni yake bado inasoma kipimo cha zamani. Nikauliza. Nikaambiwa karatasi zitafuata baadaye.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kazini. Nilipanda bodaboda hadi Raskazone, nikabisha hodi kwa Mzee Mhina. Alikuwa barazani, anakunywa chai na mkewe, na bunduki aliyoichukua jana yake iko kando, bado kwenye turubai.

“Nani amekutuma?” aliniuliza baada ya kunisikiliza.

“Hakuna.”

“Meneja wako anajua uko hapa?”

“Hajui. Akijua atanifukuza.”

“Basi kwa nini umekuja?”

“Kwa sababu utaweka shavu lako juu ya bolti ile, mzee.”

Nikamwomba jambo moja: kabla hajaipiga kwa mkono, tuifunge mahali na kuvuta kifyatulio kwa kamba. Risasi kumi. Zikipita zote, nitamwomba radhi yeye na Meneja pia. Alitaka kukataa, lakini mkewe aliweka kikombe chini akasema, “Si unakwenda shamba leo? Nendeni naye.”

Pongwe tukaifunga bunduki kwenye matairi mawili makuukuu, ikielekea ukingo wa udongo, na sisi tukakaa nyuma ya ukuta wa ghala. Nikavuta kamba. Risasi ya kwanza ikapita salama. Ya pili pia. Ilipofika ya nne Mzee Mhina alikuwa anatabasamu.

“Fundi, umenipotezea asubuhi.”

“Tulisema kumi, mzee.”

Ya tano ikapita. Ya sita ikapita. Nakiri kwamba wakati ule nilianza kujiona mjinga. Niliona nimeacha kazi yangu kwa ajili ya kipimo ambacho labda nilikisoma vibaya. Nikaenda kuweka ya saba. Nikarudi nyuma ya ukuta, nikavuta.

Mlio ulikuwa tofauti. Tulipotoka tulikuta kitako kimepasuka. Bolti haikuwepo. Mzee Mhina ndiye aliyeiona, imezama kwenye nguzo ya uzio nyuma ya bunduki, kimo cha uso wa mtu aliyepiga goti. Alijaribu kuing'oa kwa mkono ikakataa. Akakaa chini pale pale kwenye majani, akashika goti lake. Kisha tukapakia mabaki ya bunduki garini, tukarudi Chumbageni.

Alimweleza Meneja yote mbele yangu, kisha akaipeleka bunduki polisi ifutwe kwenye daftari. Meneja alinifukuza jioni hiyo hiyo, kwa kosa la kwenda nyumbani kwa mteja. Sikubishana, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kweli.

Nilihangaika na kibali changu mwenyewe muda mrefu. Ofisi moja ilinirudisha nyingine, na afisa mmoja aliniuliza mume wangu yuko wapi ili asaini. Nilimjibu kwamba mume wangu anauza vitambaa, hajui kupima chemba. Nilirudi pale hadi walinzi wakazoea kunisalimia kwa jina. Kibali kikatoka, nikafungua karakana Mabawa. Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Mhina, aliyeniletea nikague bunduki mpya, iliyotengenezwa kiwandani kwa risasi za magnamu.

Na mimi nikanunua ya kwangu, nikaikatia leseni. Nikajiunga na wapiga karatasi wa Jumamosi, nikaelewa alichokisema yule mwalimu. Nimeifurahia sana bunduki ile, miaka mingi.

Mwaka huu, nikiwa nimebana pumzi uwanjani, niliona maduara mawili ya shabaha mahali penye moja. Nikafumba jicho, nikafumbua. Bado mawili. Nikatoa risasi, nikaifunga bunduki kwenye mfuko wake. Wiki ile nilifunga karakana, na Jumatatu nikaenda kituo cha polisi kuikabidhi bunduki. Afisa kijana alizipitia karatasi.

“Shikamoo, mama. Mbona leseni yako bado ina muda?”

“Marahaba, mwanangu. Leseni ina muda. Macho hayana.”

Akaniandikia stakabadhi. Nikaitia sahihi, nikatoka nje kutafuta bajaji.