Niliyemsikia Ndani ya Boneti

Chekeni tu, mimi nilishalia. Anti aliniachia nichague mabomba mapya ya ekzosi, ya kutolea moshi, ya gari kuukuu la marehemu mumewe, hapa mjini Euless. Nilibadilisha chaguo hadi muuzaji akanichoka, nikihofia kumuudhi anko kaburini. Yalipofungwa, niliwasha injini hadi ikapata moto, nikazima. Gereji ikanyamaza. Kisha, ndani ya boneti: ting.

Nywele zilinisimama.

“Anko,” nikanong’ona, “kama hukuyapenda, gonga mara mbili.”

Ting. Ting.

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa sauti. Nilipogeuka, anti alikuwa mlangoni na akina mama wa kanisa.

“Brian, hicho ni chuma kinapoa,” akasema. “Anko wako angegonga kukuuliza kama umepata kazi.”