Ukuta Usioteleza

Sebule yangu ilinipa kiburi. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta, zikang'aa hata ungeweza kujiona meno. Walimu wenzangu wakija, walivua viatu bila kuambiwa.

Kisha nikamleta mama kutoka kijijini, upande wa Kaniama, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Kwake alitembea vizuri tu, mkono ukutani. Kwangu mkono uliteleza. Akitafuta choo, alifika jikoni, akalisalimia friji. Tulicheka sote, naye pia, mpaka asubuhi nilipomkuta ameketi mlangoni, nguo zake zimefungwa kwenye kitambaa.

"Nyumba yako iko muzuri, mutoto wangu," akasema. "Lakini minyi siko na fasi ya kushika. Kaka yako akikuja na pikipiki siku ya Mungu, narudia kwangu."

Ni kweli hakuwa na mahali pa kushika, lakini niliogopa. Kule angeishi peke yake, na kisima kiko mbali.

Ndipo nikakumbuka kuta za kwetu. Kila kiangazi wanawake walizipaka udongo, kisha wakachora kwa vidole vilivyolowa: mistari kuelekea chumbani, mawimbi kuelekea jikoni. Utotoni nilidhani ni mapambo tu.

Nikachota udongo, nikaupaka palepale juu ya rangi. Haraka haraka haina baraka: ukabanduka wote, ukaangukia kochi. Ikabidi niikwaruze kwanza rangi kwa msumari. Mume wangu, aliyeipaka mwenyewe, alinitazama, akakohoa, akaenda zake kwenye kwaya. Nilipaka upya mkanda mmoja tu, usawa wa mkono wa mama, na kuchora kama nilivyokumbuka.

Jumapili pikipiki ilinguruma uani. Mama alisimama na furushi lake, akagusa ukuta ili atoke. Mkono ukasita. Akaufuata mkanda polepole hadi pembeni, nami nyuma yake.

"Nani njo alipaka hapa?"

"Ni minyi, mama."

"Vidole yako iko nakimbia. Unapeleka muntu ku jikoni, unamuacha mu njia."

Akaketi, akafungua furushi, akatoa kikwembe chake kikuukuu cha kazi na kujifunga kiunoni. Kaka yangu akauliza kutoka nje kama yuko tayari.

"Weye kunywa chai, urudie," mama akamjibu. "Huyu iko naharibisha nyumba."