Sindano Zisizo na Dawa

Ngoja niimalize aibu mapema. Mama mkwe wangu ameniona nikiwa na bukta tu, kwenye korido ya hospitali hapa Bariadi, sindano tatu zimenisimama kiunoni kama nungunungu aliyenyonyoka. Sisi Wasukuma mkwe ukimwona njiani unachepuka. Mkono humpi, sahani moja hamli. Mimi nimemwonyesha bukta, tena ile iliyotoboka.

Kilichonipeleka ni mgongo. Kazi yangu ni kushindilia pamba kule kijijini Kasoli. Gunia linaning'inizwa, naingia ndani, wenzangu wanamimina pamba, mimi nakanyaga mpaka ishikane. Kiuno kimelalamika miaka, nikakipuuza. Msimu huu kikagoma kabisa. Msimamizi akasema, "Jumatatu usipoonekana naweka mtu mwingine." Na mimi shule niliishia kidato cha pili, miguu ndiyo cheti changu.

Nyumbani sikutulia. Nakaa, nainuka, nazunguka zizi, mke wangu anasema hata ng'ombe wamenichoka. Basi nikaenda hospitali kwa dada wa fizio, wale wanaonyoosha viungo.

"Nitakuchoma sindano kwenye misuli iliyokaza," akasema. "Shusha suruali kidogo, ulale kifudifudi."

Kidogo ndiyo kiasi gani? Nikaivua yote.

Sindano yenyewe nyembamba kama unywele, haina hata bomba. Nikageuza shingo. "Dada, dawa iko wapi?"

"Haina dawa. Sindano yenyewe ndiyo inalegeza msuli."

"Hata maji kidogo hamna?"

Jamani, hata mganga akikuchanja na wembe anakupaka unga wake mweusi. Kuchomwa sindano tupu sikuwahi kuona.

"Baba, tulia. Msuli utashtuka kidogo, usiogope. Dakika kumi tu."

Dakika kumi! Mimi hata kanisani kwenye sala huwa nafungua jicho moja. Sindano ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, msuli ukaruka wenyewe, kama chura ndani ya mfuko. Nikajua kuna kitu hai kimeingia. Kushuka kitandani sikumbuki. Nakumbuka mlango, korido, halafu benchi, na kwenye benchi mama mkwe, katoka kwao Sola kufanyiwa mazoezi ya goti, wala sikuwa na habari.

Nikigeuka, anaona sindano. Nikabaki nimemwelekea vilevile.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Kisukuma.

Akavuta kitenge mpaka usoni. "Mwangaluka, baba," akajibu humo humo ndani. "Nyumbani hawajambo?"

Dada wa fizio akaja kunikamata mkono, akanirudisha kama mbuzi aliyetoroka mnadani. Akachomoa sindano, akazihesabu mara mbili. "Leo basi. Rudi Ijumaa."

Jioni nikamsimulia rafiki yangu ninayeshindilia naye. Nikamwambia sirudi, bora nafasi ipotee kuliko kukutana tena na mama mkwe pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikodolea macho kiunoni.

"Wewe juzi ulishindwa kuvaa viatu, leo umekimbia korido nzima? Ijumaa rudi ukachomwe, bwana. Msimamizi niachie mimi. Na ukishtuka tena usiishie kwenye benchi, kimbia moja kwa moja mpaka Kasoli, uingie kwenye gunia."