Salamu Zilizopita Juu ya Paa

Wapendwa vijana wa kanisa letu, mtanisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Mimi niliishia darasa la saba, na kalamu yangu hutembea polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Jumapili mliniomba nisimame niwape neno la mzee, kwa kuwa shule zimefungwa na baridi imewakusanya nyumbani. Mliona wenyewe. Nilisimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaketi. Si kwamba sikuwa na neno. Maneno yangu hukataa kutoka mbele ya watu, na yamekuwa hivyo tangu ujana. Basi nimevuta kiti karibu na meko, nikaona niandike. Kila mmoja atakayesoma ni mwanangu, awe wa kiume au wa kike.

Nakumbuka Julai moja, mwanangu, nikiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama zitoke au zikae. Kwetu ni hapa hapa milimani, juu ya Matiliku. Watu wa mbali wakisikia Makueni wanafikiri ni jua na vumbi tu. Hawajaamka kwetu mwezi wa saba. Ukungu unalala shambani mpaka saa nne, manyunyu yanaingia ndani ya sweta bila kubisha hodi, na ng'ombe wanatoa mvuke puani kama sufuria. Mimi niliipenda miezi hiyo, na mpaka leo naipenda. Kazi ya shamba inapungua. Machungwa yameiva. Na mbaazi, zile tunazoita nzuu, zimejaa kwenye maganda zikiwa bado mbichi. Unazichemsha na maganda yake, unamwaga kwenye sinia, na kila mtu anajibambulia huku mikono inapata joto. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, hata vya hotelini Machakos, lakini sijaona kinachofikia sinia lile.

Sinia nililolipenda zaidi lilikuwa la jikoni kwa akina Kyalo. Kyalo alikuwa rafiki yangu tangu tulipochunga mbuzi pamoja. Alilelewa na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyoita nyanya. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya bonde, ukitazama kutoka kwetu unaiona. Jumapili baada ya ibada tulikaa pale jikoni, sisi wawili na Susu, mbaazi katikati na redio juu ya gunia la mahindi, tukisikiliza kipindi cha salamu.

Ninyi hamkukikuta kipindi kile kama sisi tulivyokikuta. Ulinunua kadi dukani, ukaandika majina ya watu unaowasalimia na ujumbe mfupi, ukaituma kwa posta. Baadaye mtangazaji anaisoma, na nchi nzima inasikia. Kwa kijana mwenye haya hiyo ilikuwa dawa. Mimi ambaye sikuweza kumsalimia msichana kisimani bila kuangalia vidole vya miguu, kwa redio nilijiita Simba wa Matiliku. Ndiyo, cheka tu. Niliwasalimia watu wa Mwingi, wa Nuu, hata madereva wa malori ya Garissa ambao sijawahi kuwaona mpaka leo, nao wakanirudishia. Nikipita sokoni, wenye maduka walisema, "Simba, leo umenguruma." Niliendelea na njia yangu, lakini moyoni nilikuwa mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Sasa, mwanzoni mwa Julai hiyo Kyalo alipanda mti kutundika mzinga wa nyuki. Susu alikuwa amemwambia asipande kwa sababu shina lilikuwa limelowa manyunyu. Alipanda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sijaona methali ikitimia neno kwa neno namna hiyo. Alipelekwa hospitali, akarudi na mguu umefungwa plasta mpaka pajani.

Watu wa kanisa walienda kumwona. Mimi sikuenda.

Nikueleze kwa nini, usije ukafikiri sikumpenda. Unajua desturi ya nyumba zetu. Mgeni akiingia kwa mgonjwa anapewa kiti, anapewa chai, halafu mwenye nyumba anasema, "Sasa mgeni wetu atuombee." Hakuna njia ya kukwepa. Wengine huomba mpaka chai inapoa. Mimi sikuwa nimewahi kuomba kwa sauti mbele ya mtu, hata mbele ya mama yangu. Nilikuwa na hakika kwamba nikifika pale nitaambiwa niombe, nitafunga macho, na halitatoka neno. Nikaona afadhali nisubiri Kyalo apone tu.

Lakini moyo haukutulia. Basi nikafanya nililojua kufanya, nikanunua kadi. Nilimsalimia Kyalo Jumapili ya kwanza, nikamsalimia iliyofuata. Nilimwandikia ujumbe mzuri, kwamba Simba anamtakia afueni na kwamba urafiki wa kweli haujui bonde wala mto. Jina lake liliposomwa nilikuwa dukani sokoni, na watu wakanipiga mgongoni. Nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyelala kwa mgonjwa siku tatu.

Ikawa siku moja mama akanituma mashine ya kusaga na debe la mahindi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamejifunga leso na makoti, kila mmoja anajikunyata. Nikamwona Susu kwenye benchi, na debe lake miguuni. Nikageuza uso kama ninayesoma bei zilizoandikwa mlangoni.

"Simba wa Matiliku," aliita. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alipiga benchi kwa kiganja, nami nikaenda nikaketi.

Aliniuliza habari ya mama, habari ya mbuzi, habari ya mbaazi zetu kama zimeliwa na wadudu. Susu hakuwa mtu wa kukimbilia neno. Aliongea taratibu, na mashine ilipopiga kelele alinyamaza mpaka itulie. Halafu akasema kwa sauti ndogo, ya mimi tu:

"Majirani wameniambia unamsalimia Kyalo kwa redio."

Nikasema ndiyo, Susu. Nilisema kwa furaha kidogo.

"Redio yetu mawe ya betri yaliisha kabla hajapanda ule mti. Hatujanunua mengine." Alinyoosha leso yake magotini. "Hizo salamu zako, mwanangu, zimepita juu ya paa letu zikaenda Garissa. Na mimi nikisimama mlangoni naona moshi wa jikoni kwa mama yako."

Akaendelea kuniambia kwamba wiki hiyo mjomba wa Kyalo angekuja kumchukua, ampeleke Nuu akae kwake, ajifunze cherehani, kwa kuwa mguu ule hautafaa kwa jembe kwa muda mrefu. Huenda asirudi karibuni. Na kwamba kila mbwa akibweka Kyalo hunyanyua kichwa, kisha hukilaza tena.

"Ameniuliza kama ninajua alikukosea nini," alisema Susu. "Nimwambie nini?"

Mwanangu, nimekemewa na walimu wenye fimbo na wazee wa kanisa wenye Biblia. Hakuna aliyenikemea kama yule mama kwa swali lile. Nikamwambia ukweli wote pale kwenye benchi, kwamba naogopa kuambiwa niombe.

"Waombaji tunao," akasema. "Wanaombea mguu, wanakunywa chai, wanaenda. Mbaazi zangu zimejaa gunia na hakuna aliyekaa kuzibambua. Njoo ubambue. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na salamu ya mbali haipashi mtu joto."

Nilienda alasiri hiyo hiyo. Lile bonde nililolivuka tangu utoto lilikuwa refu ajabu. Ilikuwa siku ya ushirika wa nyumba kwa nyumba, na kumbe zamu ilikuwa ya kwa Susu. Nilipoinama mlangoni nikakuta jikoni kumejaa akina mama na mzee wa kanisa, moshi, na harufu ya chai ya tangawizi. Kyalo alikuwa kwenye kitanda cha kamba karibu na moto, mguu umeegeshwa juu ya kigoda. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe njia unaijua," akasema.

Nilikaa chini, nikavuta ungo, nikaanza kubambua. Akina mama wakaanza mzaha, wakauliza tangu lini simba anakula mbaazi, mmoja akasema nikiendelea vile nitaolewa. Niliinamisha uso. Waliimba, wakapiga makofi, mzee wa kanisa akasoma neno, na wakati wote ule mikono yangu ilikuwa kazini. Hakuna aliyeniambia niseme lolote. Susu alikuwa ameketi kati yangu na mzee wa kanisa, na naamini alikaa pale makusudi.

Walipoondoka tukabaki watatu kama zamani. Kyalo akachukua ganda moja, akalifungua, akaniuliza bila kunitazama kama ni kweli nilimsalimia kwa redio. Nikasema ni kweli, mara mbili.

"Nani alisikia?"

"Watu wa Garissa."

Alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu, akaniambia nisimchekeshe tena. Susu naye akajifuta machozi, akasema ni moshi. Hivyo ndivyo rafiki yangu alivyonisamehe. Hakutoa hotuba.

Nilirudi kila alasiri mpaka mjomba alipofika. Sikuongea sana, wala hakuna aliyetaka niongee. Nilipasua kuni, nilimchongea Kyalo gongo la mti mgumu, tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nikagundua kwamba mgonjwa hahitaji maneno mengi. Anahitaji kusikia mtu mwingine anakohoa mle ndani.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa umefunika hata choo. Mjomba alitaka wawahi gari la kwenda mji wa Wote, ili wafike Mwingi mapema wapate la Nuu. Kyalo alisimama kwa gongo lake uani, Susu akiwa amemshika koti. Mjomba akasema tuombe tuondoke, akavua kofia, akafungua mdomo aanze. Kyalo akasema, "Hapana, mjomba. Huyu ataomba."

Alininyooshea mimi kidole. Nilimwangalia Susu aniokoe, naye alikuwa ameshafunga macho. Basi nami nikafunga. Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati, nikasikia Kyalo akivuta kamasi. Nikasema:

"Mungu, huyu ni Kyalo. Wewe unamjua. Sisi tunampenda. Mfikishe. Amina."

Hayo tu. Hata kuku hakuwa amemaliza kuvuka uwanja. Lakini Susu aliposema amina, aliisema kama mtu aliyeombewa saa nzima.

Kyalo alikuja kuwa fundi mzuri wa nguo huko Nuu, ana duka, ana wajukuu, na anachechemea mpaka leo. Tunaonana mara chache, na tukionana tunakaa tu. Mimi baada ya siku ile niliendelea kuvuka bonde kila siku ya ushirika, kwa kuwa Susu alibaki peke yake na baridi haikuwa imeisha. Ndivyo nilivyoingia katika ushirika huu mnaoniona nao. Sikuingia kwa kuimba wala kwa kuhubiri, niliingia kwa ungo wa mbaazi. Susu alipolala usingizi wa mwisho miaka michache baadaye, nilikuwa mmoja wa waliomshika mkono.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Siku hizi redio iko mfukoni mwa kila mtu. Mwenzenu akifiwa mnamtumia picha ya mshumaa, akiugua mnamtumia mikono inayoomba, na wote mnaitikia amina kwenye kikundi. Si vibaya. Lakini salamu isikufanye uone umeshafika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki hukaa kwenye kiti, kwenye kitanda, karibu na moto uliokaribia kuzimika. Kama una haya kama mimi, usingoje haya ziishe, kwa maana mimi nina wajukuu na hazijaisha. Nenda nazo. Zikalishe chini pamoja nawe, uzipe kazi ya mikono. Ukiambiwa uombe, taja jina la mtu na useme unampenda, Mungu anajua yaliyobaki. Na wewe mwenye maneno mengi, ukimwona mwenzako amenyamaza pembeni usimsukume mbele. Msogezee ungo.

Bwana awape miezi hii ya baridi nyumba yenye moto, sinia lenye mikono mingi, na mlango usiopitisha siku bila kuinamiwa na mtu anayewapenda. Awalinde shuleni na safarini, awarudishe kwa mama zenu wazima.

Nami nitafurahi mkiniandikia. Niambieni ni nani mlimtembelea likizo hii na mlimkuta akifanya nini. Mpeni karatasi mzee wa kanisa, atanifikishia, nami nitajibu kila mmoja, hata kama nitachelewa. Lakini anayekaa karibu asiandike. Chai iko, apite.